Katikati ya Magoti

Magreth alizikata nywele za binti yake Jumamosi asubuhi, kwa mkasi wa kushonea, huku gari la ofisi likipiga honi nje. Alizikata mpaka kwenye ngozi, wala haikuchukua muda. Nywele zilidondoka mkekani mafungu mafungu, akazifagia, akazitupa shimoni, akanawa mikono na kupanda gari. Njia nzima ya kwenda kijijini Mpapura alijisikia mwepesi, kama mtu aliyetua mzigo wa kuni.

Na kweli ulikuwa mzigo. Kila Jumamosi mtoto lazima asukwe, na wa kumsuka nani? Baba yake, Danieli, alikuwa bandarini, zamu juu ya zamu. Magreth mwenyewe alikuwa ofisa maendeleo, mwenye diploma yake ya chuo, na tangu watu wahamishiwe kwenye vijiji vya ujamaa hakuwa tena na Jumamosi. Leo huku kinafunguliwa kituo cha watoto wadogo, kesho kule akina mama wanafundishwa kupika uji wa lishe. Kwa hiyo Raheli alisukwa mbiombio, twende kilioni kila wiki, mistari ya kurudi nyuma basi. Mtoto anakaa chini, anabanwa katikati ya magoti, na akishabanwa tu anaanza kusema.

"Mama, jana mwalimu kaja na viatu viwili si ndugu."

"Enhe. Inama."

"Kimoja cheusi, kimoja cha kahawia. Sasa sisi tukacheka, halafu yeye..."

"Inama, Raheli, utaumia."

Siku ya mkasi pia alikuwa katikati ya hadithi. Ilihusu paka wa shuleni na dawati la mwalimu mkuu. Magreth hakujua iliishaje, kwa sababu mkasi ulipoanza kulia karibu na sikio, mtoto alinyamaza.

Jioni Danieli alimkuta binti yake na kichwa kama yai.

"Mmemnyoa mtoto? Kulikoni?"

"Chawa," alisema Magreth.

Hakukuwa na chawa. Kichwa cha Raheli kilikuwa safi kama sahani. Neno lilimtoka tu, na kwa kuwa lilishatoka, akalifuatisha na maelezo ya usafi, kama anavyofanya mikutanoni. Raheli alikuwa anakula ugali wake wa yanga, ule unga wa njano wa msaada. Aliinua macho, akamtazama mama yake, akarudi kwenye sahani.

Siku zikaenda. Nyumba ilitulia. Raheli aliamkia, alikula, alifanya hesabu zake, alilala. Ukimuuliza anajibu, usipomuuliza yupo tu. "Siku hizi mtoto katulia, amekua," Magreth alimwambia mumewe, na alisema kwa fahari.

Kule Mpapura kazi ilikwenda vizuri. Kituo kilishaezekwa, akina mama walikuja wengi, na Magreth aliwasomea somo lake bila kupepesa macho. Mtoto hashibi kwa uji tu, aliwaambia. Zungumzeni naye. Msikilizeni. Mtoto asiyesikilizwa anadumaa akili.

Mwanamke mmoja aliyeitwa Mwanaisha, mwenye mtoto mgongoni na mdomo usio na breki, alinyoosha mkono.

"Mama Ofisa, mie wangu tunashinda naye mikoroshoni kutwa kucha, ananipigia kelele mpaka masikio yanauma. Wako wewe unamsikiliza saa ngapi?"

Wakacheka wote.

"Wangu mkubwa, yuko shule," alisema Magreth.

"Alaa! Kumbe wakianza shule hawasemi tena?"

Kicheko kikawa kikubwa zaidi. Magreth naye alicheka, akahamia somo la sabuni. Lakini swali lile lilipanda naye gari, likakaa kiti cha nyuma mpaka mjini.

Jumamosi iliyofuata gari halikuwa na mafuta ya kufika Mpapura. Abdallah, dereva, alimrudisha mpaka njia panda kwa kile kilichobaki kwenye tangi, na Magreth akatembea hadi nyumbani, mtaa wa Ufukoni, jua likiwa bado halijakolea. Mlango ulikuwa umerudishiwa. Ndani kimya. Alitaka kuita, ndipo akasikia sauti ya binti yake ng'ambo ya ua wa makuti, kwa jirani yao Bi Somoe.

Haikuwa sauti ya "ndiyo mama". Ilikuwa inakimbia, inajikwaa, inacheka kabla ya kufika penye kuchekesha. Magreth alisimama pale pale na mkoba wake.

Kila mtu mtaani, ila Magreth asiyeshinda nyumbani Jumamosi, alijua kwamba Bi Somoe husuka mabinti wa jirani siku za Jumamosi, bure, kwa kupenda tu. Magreth alichungulia. Wasichana watatu walikuwa wamekaa mkekani wakisubiri zamu, vichwa timtim. Na aliyekuwa zamuni, kabanwa katikati ya magoti ya Bi Somoe, alikuwa Raheli, na kile kichwa chake kisicho na kitu. Bi Somoe alimpaka mafuta ya nazi, akachukua chanuo, akachora njia kwa mpini wake taratibu kutoka kwenye paji la uso hadi kisogoni. Akaishika njia ile kwa vidole na kuisuka, hewa tupu, kisha akachora nyingine.

"Halafu usiku nimemwota bibi yangu wa Njombe," Raheli alikuwa anasema. "Ananiita, naenda, nikifika hana uso. Nimemsahau uso, Bi Somoe. Kanga yake naikumbuka, uso siukumbuki."

"Umemwambia mama?"

"Hapana. Mama ana kazi."

Hakulisema kwa kulalamika. Alilisema kama mtu anayekwambia leo mvua inanyesha, na hilo ndilo lililomchoma Magreth. Lakini alikuwa mtu ambaye akiona haya hugeuka mkali, na kabla hajajua atafanya nini alishazunguka ua.

"Bi Somoe! Unasuka nini hapo? Kichwa hakina nywele."

Wasichana wakaangua kicheko. Raheli akafunga mdomo.

"Nasuka upepo, Mama Raheli," alisema Bi Somoe bila kuinuka. "Kaja kapanga foleni na wenzie. Nimfukuze?"

"Tangu lini?"

"Tangu umnyoe. Karibu ukae, mbona umesimama kama askari? Chawa wenyewe niliwatafuta, wenzie wasije wakaambukizwa. Sikuona hata mmoja."

 Magreth alisema asante, sijui asante ya nini, akamshika mtoto mkono wakaenda nyumbani. Jikoni alimuuliza, "Ulikuwa unamsimulia nini Bi Somoe?"

"Hamna kitu."

Wiki ile yote Magreth alipika, aliandika taarifa, alipiga pasi, na katikati ya kila kazi aliliona lile chanuo likipita kwenye ngozi tupu. Alijaribu kujitetea. Nywele zitaota. Watoto wengi hunyolewa. Kazi ni ya taifa. Kila utetezi ulikuwa wa kweli, na hakuna hata mmoja uliomsaidia kupata usingizi. Siku ya Ijumaa alimwambia Danieli, "Hakukuwa na chawa. Nilichoka kusuka." Danieli alimtazama, akasema, "Mwambie yeye, si mimi."

Jumamosi alimwambia Abdallah aje kumchukua saa nne badala ya saa mbili. Akatoa kigoda uani, mafuta na chanuo.

"Raheli! Njoo nikusuke."

Mtoto alikuja, akasimama mbali kidogo. "Hazijaota, Mama."

"Najua. Kaa."

Alikaa. Alikaa wima, mabega juu, kama mtu anayengoja sindano. Magreth alimpaka mafuta. Vinyweleo vilikuwa vimeanza kuchomoza, vinakwaruza kama kitambaa cha gunia. Akachora njia ya kwanza.

"Hukuwa na chawa," alisema. "Nilidanganya. Nilikuwa na haraka."

"Najua."

"Nisamehe, mwanangu."

"Haya."

Njia ya pili. Njia ya tatu. "Shule vipi?"

"Nzuri."

"Mwalimu?"

"Mzima."

"Umekaa na nani darasani siku hizi?"

"Mariamu."

Magreth alijisikiliza mwenyewe, akajichoka. Hivi ndivyo anavyokagua vituo: vyoo vingapi, watoto wangapi, nani msimamizi. Akatafuta swali jingine, na kabla hajalipata Raheli alisema, bila kugeuka:

"Bi Somoe huwa haulizi."

Basi Magreth akanyamaza. Mikono iliendelea. Kunyamaza kulikuwa kazi ngumu kuliko hotuba yoyote aliyowahi kutoa. Kila mara maneno yalimjaa mdomoni, akayameza. Honi ililia nje. Raheli akaanza kunyanyuka, haraka, kwa mazoea, na Magreth akaona jinsi mtoto alivyozoea kuondoka kabla hajaambiwa. Akamshika bega.

"Litasubiri."

"Akina mama wanakungoja."

"Watangoja."

Abdallah alichungulia uani, akakiona kichwa kile, akamwona ofisa wake na chanuo. Akarudi garini, akazima injini.

Wakakaa. Polepole yale mabega yakashuka. Mgongo wa mtoto ukamwegemea Magreth kwenye goti la kushoto, mzito na wa moto, na yeye hakuthubutu kusogeza mguu ingawa ulikuwa unakufa ganzi.

"Nilikusikia ukimsimulia ile ndoto ya bibi," alisema mwishowe. Hakuweza kujizuia. "Nisimulie na mimi."

Raheli alifikiri.

"Hiyo nilishamwambia Bi Somoe," alisema. "Imeshaisha. Ikitokea nyingine nitakwambia wewe."

"Lini?"

"Sijui, Mama. Mpaka itokee."