Kifuniko Chekundu

Katika kituo chetu cha kuachishia ulevi mtaani Kampemba, mkojo safi unakupa haki ya kurusha dadu. Kila Jumatatu nesi Perpétue anatupima sisi vijana tisa tulioshindwa kuacha lutuku, ile pombe kali ya kienyeji, na aliye safi anasogeza kifuniko chake cha chupa kwenye ubao wa ludo. Aliyekunywa, kifuniko chake kinarudi kwenye pembe alikoanzia, ile inayoitwa nyumbani. Anayefika katikati anapewa simu dakika kumi. Upuuzi mtupu, nilisema siku ya kwanza. Wanaume wazima tunachezeshwa kama watoto wa chekechea.

Kisha Goma ikaanguka mikononi mwa waasi. Mama yangu alikuwa huko na duka lake la jumla. Wiki tatu hatukujua kama yu hai, mpaka mjomba Constantin alipokuja na kikaratasi chenye namba ya simu: mama alikuwa amejihifadhi kanisani. Sikulia, sikufurahi. Moyo wangu ulikuwa kama mkono uliolaliwa ukafa ganzi. Kifuniko changu chekundu kilibakiza hatua moja tu kufika katikati.

Jumamosi hiyo mlinzi aliniuzia chupa ya lutuku. Msiniulize kwa nini. Niliimaliza yote na hata ladha yake sikuisikia.

Jumatatu, chooni, Plamedi wa kitanda cha pili alinijazia kikopo kwa mkojo wake safi.

"Kamata, ndugu. Yangu iko propre," alisema. "Mama ni mama."

Perpétue akatazama kipimo, akanipigia makofi. Nikarusha dadu, kifuniko kikaingia katikati, wenzangu wakashangilia. Nikapewa simu.

"Mama, ni mie, Mumbere."

Alilia kwanza, kisha akauliza, "Mwana wangu, uko muzima? Unakunywaka tena?"

"Hapana, mama. Niliacha."

"Merci Mungu! Duka waliiba yote, nyumba iliungua. Usirudi nyumbani, unasikia? Hakuna kitu kule. Ni weye tu kitu moja yenye ilinibakilia."

"Ndiyo, mama."

Zilikuwa zimebaki dakika sita. Nilikata, nikamrudishia Perpétue simu yake. Halafu nikakishika kile kifuniko chekundu, nikakiondoa katikati na kukiweka kwenye pembe.

"Mumbere, unafanya nini?" Perpétue aliuliza. "Si ulishafika?"

"Ninarudi nyumbani, mama Perpétue. Mukojo ya leo haikuwa yangu."

Plamedi alitazama sakafu. Perpétue aliniuliza ulikuwa wa nani, nami sikumtaja mtu. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto, na ndilo jambo la kwanza nililolisikia moyoni tangu Goma ianguke.