Maelezo ya Msaada ya Najibu

Eda ilipokwisha, safari ya kwanza ya Nuriat haikuwa ya sokoni wala ya kwa ndugu zake mtaani Bilele. Alipanda basi Bukoba akashuka Muleba, kwenda kuitazama kompyuta.

Marehemu mumewe, Najibu, ndiye aliyekiandikia kikundi cha wakulima wa kahawa wa huko programu ya kupokelea mazao, akaiita mvuno. Haikuwa na picha wala vitufe vya kubofya. Ilikuwa dirisha jeusi tu: unaandika amri, nayo inatii. Sasa fundi mwingine alikuwa ameleta programu mpya, na mwenyekiti wa kikundi, mzee Kagaruki, alisema ya Najibu haifutwi mpaka mjane wake aione na kusema neno.

Joviana, karani wa kikundi, alimpisha kwenye kiti. "Andika mvuno, dada, halafu msaada. Inajieleza yenyewe."

Nuriat aliyajua maelezo hayo. Kule nyumbani Kashai, kwenye kompyuta ya mumewe, alikuwa ameyasoma wakati wote wa eda, akiitafuta sauti yake asiipate. Yalikuwa makavu: pokea, pima, chapisha. Hapa aliandika maneno yale yale, yakatokea mengine kabisa.

"Joviana waitu, usiogope. Andika mvuno pokea, kisha jina la mkulima. Ukikosea, hakuna kinachoharibika. Mimi nipo."

Akasoma tena. Waitu, kama Wahaya wanavyomwita mtu wao wa karibu. Mimi nipo. Maneno hayo hakuyakumbuka yakisemwa nyumbani kwake. Alimtazama Joviana, msichana mwenye kitambaa cha njano, akashindwa kujua amtazameje.

"Ifuteni," alisema.

"Dada?"

"Si mlisema mnangoja neno langu? Ifuteni."

Mzee Kagaruki, aliyekuwa mlangoni akitafuna punje za kahawa, alisogea. "Kabla hamjafuta, niwekeeni maelezo yangu niyasome mara ya mwisho."

Joviana akaandika mvuno, msaada, kisha jina la mzee.

"Shikamoo mzee Kagaruki. Vaa miwani kwanza. Hapana, ile nyingine. Sasa andika mvuno pima."

Mzee alicheka mpaka akakohoa. "Huyu kijana alinisumbua. Miwani yenyewe ninayo moja tu."

Nuriat hakuelewa. "Kila mtu ana yake?"

"Kila mtu," Joviana alisema. "Usipoandika jina unakuja wangu, kwa kuwa mimi ndiye karani. Msaada wa mwanzo, uliokuja na programu, ulikuwa mkavu: pokea, pima, chapisha. Hatukuuelewa. Najibu akasema mtu hasaidiwi kabla ya kusalimiwa. Akakaa na kila mmoja wetu, akauliza, unaogopa nini kwenye mashine hii? Mimi nilisema naogopa kuharibu, halafu niwe peke yangu."

Hasira ilikuwa imemwishia Nuriat, na mahali pake palikuwa hapajaja kitu. Kisha akaandika polepole: mvuno msaada nuriat.

"Nuriat: bado."

Basi. Hapakuwa na salamu wala amri.

"Labda mashine haikujui," mzee alisema.

Joviana akajaribu jina la dada yake, Lilian. Skrini ikajibu: "Jina hili silijui, ila karibu. Andika mvuno pokea."

Kwa hiyo jina la Nuriat lilikuwamo. Najibu aliliweka yeye mwenyewe, akafika hapo, akasimama. Bado nini? Hakupata nafasi? Au alikaa mbele ya jina hilo asijue mkewe anaogopa nini, kwa kuwa hakuwahi kumuuliza? Wala Nuriat hakuwahi kumwambia. Aligeuza neno hilo kichwani huku na huku, na kila upande lilikuwa na lake la kusema.

"Tunaweza kuliandika sasa," Joviana alisema taratibu. "Najua faili lilipo. Wewe unaogopa nini, dada?"

Majibu yalimjia Nuriat mengi kwa pamoja, asijue lipi litangulie.

"Usiliguse," alisema.

"Na programu je?" mzee aliuliza. "Fundi anakuja mchana."

"Mwambieni aweke yake. Hii msiifute. Nitakuja tena kuiuliza."

Mzee akampa punje chache za kahawa kiganjani, kama anavyopewa mgeni anayeanza kuzungumza. Nuriat alizitafuna akiitazama skrini, asijue kama amejibiwa au ameulizwa.