Kanga wa Ukoo wa Lumeri

Bibi Kiberiti, ndivyo wafanyakazi wa shamba lile la Ndabibi walivyomwita memsahib wao akiwa hasikii, alimchukia Chepkorir kwa sababu moja tu: mtoto alimpenda yaya kuliko mama. Yaya angekuwa mwizi, angefukuzwa siku nyingi. Lakini asiye na kosa utamfukuzaje? Unangoja akosee. Na mwaka ule wa hamsini na tatu hukuhitaji kungoja sana, maana katika Bonde la Ufa hata kunyamaza kulihesabiwa kosa.

Mtoto mwenyewe, Lidia, alikuwa na miaka saba, hana ndugu, na watoto wa wafanyakazi alikatazwa kabisa. Basi akajizulia wenzake. Akasema kwamba katika mafunjo ya ziwani wanakaa vibwengo, watu wembamba wenye masikio yaliyochongoka, wasiotaka kuonwa na mtu mwenye hasira. Kibwengo mmoja alimwita tilu, na wengi aliwaita tiluren. Siku moja Chepkorir alikuwa akimwogesha, akamuuliza swali ambalo Mkipsigis yeyote angeuliza.

"Hao tiluren wako ni wa ukoo gani?"

"Hawana ukoo."

"Mtu hana ukoo? Huyo ni mtu ama ni jiwe?"

Hapo mchezo ukapata mifupa. Vibwengo wa mafunjo wakaitwa Lumeri. Wa umande wakawa Wilani. Wa majivu, wezi wa moto wa wenzao, wakawa Sokandi. Kwao Chepkorir kila ukoo una mnyama wake, anaheshimiwa wala haguswi, na yeye mwenyewe tangu kuzaliwa hajamrushia korongo hata kijiwe. Kwa hiyo vibwengo nao wakagawiwa wanyama: Wilani chura, Sokandi mbweha, Lumeri kanga. Lidia na yaya wake wakajiweka Lumeri. Memsahib akatiwa Sokandi bila kuulizwa, na Chepkorir alicheka hadi akashika mbavu. Akamwonya mtoto kwamba siri za ukoo haziambiwi Sokandi. Alimpenda mtoto yule, tusidanganyane. Alimpenda kama wa kumzaa.

Jumapili moja alikuja jirani, mzungu wa shamba la pili, aliyejiunga na polisi wa akiba na tangu hapo havui bastola hata mezani. Alileta kanga wawili aliowapiga risasi njiani. Kila akija, hadithi yake ilikuwa moja: viapo vya waasi wa msituni. Jinsi watu wanavyokatwa vidole, jinsi wanavyonyweshwa damu gizani. Aliyasimulia hayo mbele ya mtoto, tena kwa raha, kama mtu anayesifu ng'ombe wake. Micah mpishi akawaoka kanga, akawapeleka mezani.

Lidia alitazama sahani yake, akaisukuma.

"Sili. Huyu ni ndugu yetu. Mimi ni Lumeri."

Alisema kwa Kiingereza, lakini Chepkorir, aliyesimama mlangoni mwa jikoni, alilitambua lile neno moja, Lumeri. Jirani akaweka uma chini. Akatamka neno jingine, na hilo Chepkorir hakuhitaji kufasiriwa. Neno la Kiingereza la kiapo, mwaka ule, hata mbuzi walilijua.

Memsahib akamwita. Uso ulikuwa umemwiva.

"Wewe napa mtoto yangu kiapo?"

"Hapana, memsahib! Ni mchezo tu. Ni mambo ya vibwengo."

"Lumeri nini?"

"Ni ukoo, memsahib. Ukoo wa uongo, tumejitungia sisi wenyewe. Muulize Lidia."

Mtoto akaulizwa na mama, akaulizwa na jirani. Akabana midomo. Chepkorir akamsihi, "Lidia, mwambie mama. Mwambie tu." Mtoto akamtazama kwa fahari, kama askari anayetunza lango, wala hakufungua kinywa. Kwa mara ya kwanza Chepkorir alitamani kumzaba kofi.

"Nitampeleka polisi Nakuru," jirani akasema. "Huko atazungumza."

Waithaka, mtunza bustani, alipelekwa hivyo hivyo akiwa na shati moja mwilini, na mpaka leo hakuna aliyesikia habari zake. Chepkorir akamfikiria mama yake, kipofu, aliyekuwa akiota jua nyuma ya josho saa ile ile, mbele ya kibanda walichoruhusiwa kulala maadamu binti yu kazini. Asipokuwapo binti, nani atampa hata maji?

Memsahib akaichukua sahani ya Lidia, akamsogezea yaya.

"Kama hapana kiapo, kula."

Chepkorir akaitazama ile nyama. Ndege tu, akajiambia. Mimi ukoo wangu ni korongo, huyu wa mchezo ananihusu nini? Akala amesimama, kwa mkono, mafuta yakimchuruzika hadi kwenye kifundo cha mkono. Hakumtazama mtoto.

"Sema sasa," memsahib akaamuru.

"Hakuna Lumeri. Hakuna tiluren. Mimi nilikuwa nadanganya mtoto."

Aliyasema kwa Kiswahili safi, na Lidia aliyasikia yote. Jirani akaguna, akarudia chakula chake. Memsahib naye akashusha pumzi, akaonekana kama mtu aliyenyang'anywa kitu. Basi yamekwisha, Chepkorir akawaza. Mtoto nitamtuliza jioni, nitamweleza, atanielewa. Akanyoosha mkono aondoe sahani.

"Mama," Lidia akasema.

Alikuwa amekauka, hana chozi. Alisema kwa Kiswahili ili yaya asipitwe na hata neno moja.

"Yaya aliniapisha. Alinikata kidole gizani. Akaninywesha damu."

Ni maneno ya jirani yale yale, hayakupungua wala kuongezeka. Hata jirani mwenyewe alisita, tonge mdomoni.

"Lidia!" Chepkorir alilia. "Lidia, mtoto wangu!"

"Mimi si mtoto wako. Wewe unakula ndugu zako."

Memsahib akaishika mikono ya mtoto. Akaigeuza, akavitazama vidole kimoja kimoja kwenye mwanga wa dirisha. Vilikuwa vizima, vyeupe, havina hata mchubuko. Chepkorir alimwona akiona. Macho yao yakakutana juu ya kichwa cha mtoto, na kwa kitambo kidogo kile wanawake wale wawili walijua kitu kimoja.

Kisha memsahib akamvuta mtoto kifuani, na mtoto hakukataa.

"Mchukue," akamwambia jirani.