Mguu wa Naw Lah Say

Naw Lah Say alikuja karakanani kwetu akiwa mgongoni mwa mumewe. Hata kwenye kambi yetu ya wakimbizi alifika hivyohivyo. Walipokikimbia kijiji chao alikanyaga bomu la ardhini, na mumewe, Saw Poe Dee, akambeba milima yote mpaka upande huu wa Thailand. Mtoto wao mchanga hakufika. Homa ilimchukua njiani.

Mafundi wa miguu ya bandia tulikuwa mimi na Kler Moo, na miguu ya kuzaliwa tulikuwa nayo miwili kwa jumla. Nilimpima, nikamtengenezea wake. Akatembea vizuri huku ameshika vyuma vya ukutani, mpaka nikampigia makofi.

Juma lililofuata akarudi mgongoni mwa mumewe, mguu ameuning'iniza mkononi kama kuku wa sokoni.

"Unauma, dada?"

"Hauumi. Lakini fundi, mguu gani huu? Watu watadhani kuna Mzungu kajificha ndani ya sarong yangu!"

Kler Moo alicheka mpaka tambuu ikamtoka mdomoni. Lakini mama alisema kweli. Nyayo za bandia zililetwa na wafadhili, nazo zote zilikuwa nyeupe pee. Tukachanganya rangi, tukazilinganisha na mkono wake, hadi tukapata rangi yake tamu ya maji ya kunde.

Akaja tena, bado kabebwa. Mara hii mguu unambana. Nikaulegeza. Akarudi, eti umelegea mno.

Siku hiyo Poe Dee alipotoka kwenda kuteka maji, niliketi sakafuni karibu na mkewe, nikavua na mimi mguu wangu, vigutu vyetu vikawa sambamba.

"Dada, niambie ukweli."

Alivuta nyuzi za shali yake.

"Tangu mtoto atutoke, mume wangu haongei," alisema. "Nyumbani tunakula wali kimya. Ila akinibeba, ananong'ona. Ananikumbusha mtoto alivyokuwa akicheka. Labda ni kwa sababu hanioni uso. Sasa nikitembea mwenyewe, fundi, maneno hayo nitayasikia wapi?"

Nilijua kutibu malengelenge, hilo sikulijua.

"Mwambie yeye haya," nikasema.

"Nitaanzaje, na mwenyewe haongei?"

"Anza ukiwa huko huko mgongoni."

Nikawatazama wakishuka mteremko. Katikati ya njia Poe Dee alisimama ghafla, kama mtu aliyeitwa. Alisimama muda mrefu. Kisha akachutama, akamketisha mkewe juu ya gogo, akakaa kando yake na kuuficha uso wake begani mwa mkewe. Niligeuka nikaendelea na kazi.

Waliporudi juma jingine, Naw Lah Say alikuwa anatembea. Polepole, mkono kwenye kiwiko cha mumewe, naye Poe Dee kainamisha kichwa karibu na sikio lake, anaongea.

"Fundi," Poe Dee akaniambia, "mgongo wangu ulikuwa unalia siku nyingi. Nilikuwa naogopa tu kumwambia."

"Ungesema!" mkewe akamfinya.

Mvua zilipoanza na njia ya kanisani ikawa tope tupu, nikawaona tena, mke juu, mume chini, wanapiga soga.

Kler Moo hakuweza kuvumilia. "Ehe! Mguu tulikutengenezea wa nini sasa?"

"Wa siku za jua," Naw Lah Say akamjibu kutoka juu. "Wewe huna mke, hutaelewa."