Jiko la Kuazima

Maji ya moto yanatoka bombani, wageni wanasifu, na Waridi hana raha. Haya basi! Mtu amepata alichokililia, na bado analia.

Wizara ilileta mpango: nyumba ndogo za wageni zilizoacha makaa zitafungiwa mtambo wa jua wa kuchemshia maji, bure. Hapo mtaani Bwiza zilijiandikisha nyumba mbili zinazogawana ukuta, ya Waridi na ya Scholastique, mjane wa kutoka Uvira, ng'ambo ya mpaka. Aliyeacha makaa kweli ni Scholastique. Alipikia wageni kwa jiko la briketi za maganda ya mpunga yaliyoshindiliwa. Waridi je? Makaa, gunia kwa gunia, na mdomo mtamu.

Asubuhi ya ukaguzi Waridi aliliomba jiko lile juu ya ukuta, kama walivyozoea kupitishiana chumvi, sufuria, hata mashuka. "Wageni wamenizidi, dada," alisema, macho makavu. Akapewa. Magunia akayasukuma chini ya kitanda.

Wakaguzi wakaliona jiko, wakampongeza, wakatoka kwenda mlango wa pili. Hapo ndipo angelirudisha. Kulinyanyua tu, kulipitisha! Lakini akaogopa wasije wakalitambua, akabaki amelishika. Ng'ambo ya ukuta akawasikia wanauliza jiko liko wapi. Scholastique akasema ameliazimisha. Kwa nani, hakusema. Wakacheka, wakamkata jina.

Tangu hapo wasafiri wanakimbilia maji ya moto ya Waridi, na vyumba vya jirani vimekaa vitupu. Leo Scholastique amekuja kuaga. Anafunga nyumba, anarudi kwao.

Waridi akashindwa hata kumkaribisha kiti.

"Dada, mi nilikukosea," alisema. "Siku ile sikuwa na mugeni hata mumoja. Nilijua wakaguzi wanakuja."

"Na mi nilijua."

"We ulijua?"

"Waliniambia tangu jana yake."

"Sasa jiko ulinipa ya nini?"

Scholastique alijifunga kitenge vizuri, akamtazama bila hasira, na hilo ndilo lililomuumiza Waridi zaidi.

"Nilisema, acha na Waridi apate. Walipotoka kwako nikasimama kwa ukuta, nikanyoosha mikono juu, nangoja unipitishie. Nilingoja mpaka wakapiga hodi."