Mkono wa Bibi Rosina

Kijijini kwetu Niederschwand, huku milimani kwenye theluji, mambo yote huamuliwa ukumbini kwa kuinua mikono. Kabla ya mkutano, ofisi ya kijiji hutuma kijitabu kila nyumba, ili raia aje akijua anachokipigia kura. Kwetu kijitabu kiliwekwa chini ya mguu wa meza inayoyumba. Kwa jirani yetu Fridli kiliwashia jiko. Aliyekisoma alikuwa mmoja tu, Bibi Rosina, karani mstaafu wa posta. Alikisoma na kalamu nyekundu mkononi, kisha siku ya mkutano akakaa mstari wa mbele, na sisi wote nyuma yake tukiuangalia mkono wake. Ukipanda, na yetu inapanda.

Mwaka jana aliuinua akitaka dirisha lifungwe, na kijiji kikanunua gari jipya la kusukuma theluji. Ndipo alipojua kwamba tunamfuata tu. Aligeuka akatutazama kwa zamu, na hakuna aliyethubutu kumtazama.

Mwaka huu jambo lilikuwa maji. Mkaguzi alikuta vijidudu kwenye chemchemi yetu, akamwambia mume wangu Balz kwamba maji yasiposafishwa kabla ya majira ya joto, atakifunga kiwanda chetu cha jibini. Kiwanda ni kikubwa kidogo tu kuliko jiko la watu, lakini ndicho kinachotulisha. Balz alisikia kuna taa ya miale inayoua vijidudu. Wiki nzima alizunguka nyumba kwa nyumba akigawa vipande vya jibini na kuwaomba watu waipigie taa kura. Mwisho tulikwenda kwa Bibi Rosina.

"Shikamoo, Bibi. Jumatano utainua mkono, si ndiyo?"

"Marahaba. Niinue kwa lipi?"

"Kwa taa."

"Taa inafanya nini?"

Balz alikuna shingo. "Si inachemsha maji."

"Inachemsha?"

"Kidogo."

Bibi Rosina alikula jibini yetu taratibu. "Tamu. Sasa nenda kasome."

"Mimi na maandishi hatuelewani, Bibi. Wewe ndiye macho yetu."

"Macho yenu yamechoka, mwanangu. Jumatano nakaa nyuma kabisa, na mkono wangu nitauinua wa mwisho."

Njiani Balz alidhani ni utani. Mimi sikudhani. Nilipofika nyumbani nilikitoa kijitabu chini ya meza, nikakitia mfukoni mwa koti.

Jumatano Bibi Rosina alikaa karibu na mlango, mikono mapajani. Watu waliona mstari wa mbele mtupu, wakageuza viti. Mwenyekiti wetu, Bwana Melchior, alipopanda jukwaani alikuta visogo.

"Ndugu zangu, mimi niko huku," alisema.

Hakuna aliyegeuka. Akaeleza njia zilizopo: taa peke yake, au chujio kwanza halafu taa. Akauliza nani anataka taa peke yake. Hakuna mkono. Nani anataka chujio na taa. Kimya. Nani anakataa yote mawili. Kimya vilevile.

"Bibi, tusaidie basi," Fridli alisema. "Nimeacha ng'ombe hawajakamuliwa."

"Mkono unao, Fridli. Uinue."

"Niuinue kwa lipi?"

"Hilo ndilo nakuuliza wewe."

"Mimi nimesikia maji ya miale yanang'aa gizani. Ng'ombe wangu wakiyanywa itakuwaje?"

"Utawakamua bila kuwasha taa," mtu alijibu, ukumbi ukacheka.

Balz hakucheka. Aliona kiwanda kinamponyoka huku watu wakitaniana. Nilimsukumia kijitabu. Akasimama, akaanza kukisoma kwa sauti, polepole, akifuata mstari kwa kidole. Alisoma kwamba miale haichemshi kitu wala haibaki majini. Kwa hilo alinitazama kidogo. Akasoma kwamba inaua vijidudu maji yakiwa maangavu, lakini yakiwa na tope, vijidudu hujificha nyuma ya chembe za tope vikapita salama.

Kidole chake kikasimama hapo.

"Jamani," alisema, "chemchemi yetu mvua ikinyesha inakuwaje?"

"Kama kahawa ya maziwa," Fridli alisema.

"Basi taa peke yake haitufai."

"Balz, wewe wiki nzima umetulisha jibini kwa ajili ya taa."

"Kama unayo bado, nirudishie."

Baada ya hapo hapakuwa na utulivu tena. Mmoja aliuliza chujio husafishwa na nani, mwingine kodi itapanda kiasi gani, wa tatu alimnyang'anya Balz kijitabu akasoma mwenyewe. Jikoni soseji zetu za baada ya mkutano zilipasuka ndani ya maji.

Hatimaye Bwana Melchior aliita kura ya chujio na taa. Balz aliinua mkono. Mimi si mtu wa kutangulia, lakini niliinua. Wengine wakafuata, kisha wakatazama mlangoni. Mkono wa Bibi Rosina ulikuwa bado pajani. Mikono kadhaa ikashuka, ikapanda tena. Fridli aliushika wake kwa mkono wa pili usimsaliti.

Chujio likapita kwa tofauti ndogo. Bibi Rosina alipiga kura ya taa peke yake.

Balz alimfuata mlangoni. "Bibi, si wewe uliyetaka tusome?"

"Nilitaka msome. Sikusema mnishinde." Alikuwa anafunga vifungo vya koti, na alikosea kimoja. "Bomba lingeweza kuhamishwa juu, kabla maji hayajafika penye tope. Hapo taa peke yake ingetosha, na ni rahisi zaidi. Ukurasa wa kumi na nne."

"Huko sikufika."

"Najua. Sasa kodi yangu inapanda kwa sababu umeishia wa tisa."

Asubuhi kiwandani Balz aliwasha moto chini ya sufuria ya shaba kama kawaida. Bibi Rosina aliingia na kalamu yake nyekundu, tayari kumsomea ukurasa huo. Balz alikuwa ameshausoma kitandani.

"Huko juu, Bibi, nani atafungua bomba theluji ikiziba njia?"

"Kuna gari la theluji," alisema Bibi Rosina. "Mlilinunua wenyewe."

Wakabishana mpaka maziwa yakazidi moto, na ikabidi niwatoe wote wawili nje.