Sentimita Tisini za Mlango wa Saulo

Asubuhi ile Yusta alikuwa chini ya meza ya sebuleni, amepiga magoti, futi ya cherehani ya mama yake ameing'ata, anaitafuta kona ya ukuta nyuma ya kabati la vyombo. Futi ya cherehani ni fupi, ni ya kupimia viuno vya watu, si kuta. Kila ilipoisha aliweka alama ya chaki akaanza upya, na kila akianza upya anasahau aliishia ngapi.

Yote hayo ni kwa ajili ya kipaimara chake. Jumapili ya wiki ijayo angewekewa mikono kanisani hapo Kilolo, halafu wageni waje kula nyumbani. Baba yake, Mzee Obeid, alikuwa ameona nyumbani kwa mchungaji zile mbao za urembo zinazozunguka chini ya ukuta, skatingi wanaziita, zimechongwa maua. Akarudi hana raha. Akasema na yeye anazitaka, tena kabla ya wageni.

Fundi Zabron alishampa Yusta maelekezo kwenye simu. "Binti, zunguka kuta zote. Halafu kila mlango, punguza upana wake, maana mbao hazipiti mlangoni. Na uniambie milango iko wapi, sawa? Kila ubao unaanza na ua kubwa na kuishia na ua kubwa, hapo pembeni ya mlango. Ukinidanganya, nitakata ua shingo. Nataka jibu kabla ya saa nane, mashine ya kuchongea nimeazima."

Yusta alizunguka mara tatu ndipo hesabu ikakubali kukaa. Kuta zote, mita kumi na nane. Milango mitatu: wa mbele, wa kwenda korido, na wa chumba cha kaka yake Saulo. Kila mmoja sentimita tisini. Zinabaki kumi na tano na kidogo.

Baba aliingia na mabuti yenye udongo wa shambani. "Ngapi?"

"Kumi na tano na kidogo, baba."

Alisimama katikati ya sebule, akageuka taratibu kama anakagua ng'ombe. "Umekosea. Milango ni miwili."

"Mitatu, baba. Huu, na huu, na..."

"Ule si mlango tena. Ule naujenga tofali. Nitatoboa mwingine kwa nje, kiwe chumba cha viazi."

Yusta aliutazama ule mlango. Nyuma yake kweli kulikuwa na magunia matano ya viazi, yameegemea kitanda cha Saulo. Saulo aliacha chuo cha uinjilisti mwaka jana akaenda Mbeya kuendesha bodaboda, na baba, ambaye ni mzee wa kanisa na alikuwa ameshamtangaza mwanawe kwa watu wote kuwa mwinjilisti, alisema siku ile maneno ambayo mtu akishayasema mbele ya majirani hawezi kuyarudisha mfukoni. Tangu hapo baba aliacha hata kumwita mke wake Mama Saulo. Siku hizi anamwita Mama Yusta, na Yusta kila akisikia anaona aibu, kama amevaa nguo ya mtu.

"Hesabu mitatu," sauti ya mama ikatoka jikoni.

Baba hakugeuka. "Yusta, mwambie mama yako hapa tunaongea habari ya mbao."

"Yusta, mwambie baba yako na mimi naongea habari ya mbao. Mtoto akija kwenye sherehe ya mdogo wake apite wapi, dirishani?"

"Nani kasema anakuja?"

"Nani kasema haji?"

"Basi mwambie viazi vyangu vimekaa humo miezi minne, havijalalamika."

"Mwambie viazi vyake sikuvizaa mimi!"

Yusta alikuwa ameshika futi, hajui aikunje au aikunjue. Kilichomchanganya zaidi ni hiki: juzi tu, huyu huyu baba, ndiye aliyelitoa godoro la Saulo nje akalianika juani, akalipiga fimbo pande zote mbili hadi vumbi likaisha, akalirudisha mwenyewe. Sasa mtu anayetaka kuziba mlango anaanika godoro la nini? Au analitunza aliuze? Au lilikuwa linanuka viazi tu?

Baba akarudi shambani. Mama akarudi kwenye sufuria yake. Simu ikaita.

"Binti, mbona kimya? Milango mingapi?"

"Fundi... shikamoo."

"Marahaba. Milango mingapi?"

"Miwili, na huo wa mwisho... Ukichonga ndefu, halafu ukakata baadaye?"

"Nimekwambia ua litakatwa shingo! Au nyumba yenu milango inahamahama? Huo wa mwisho upo au haupo?"

Yusta alitazama alama zake za chaki. Darasani huwa hanyooshi kidole hata jibu akilijua. Mwalimu akimtaja jina, anajibu kwa kunong'ona. Sasa sauti sijui ilitokea wapi.

"Upo," alisema. "Mitatu. Wa tatu uko kushoto ukiingia."

"Haya, nachonga." Simu ikakatika.

Alipoinua kichwa, baba yake alikuwa kwenye mlango wa mbele. Alikuwa amerudi kuchukua jembe, ameshalishika mkononi.

"Umemwambia?"

"Nimemwambia."

"Ngapi?"

"Mitatu."

Baba aliliangalia jembe, akalikwangua udongo kwa kidole gumba. "Haya," alisema, akaondoka.

Yusta alibaki na hiyo haya. Kuna haya ya kukubali, na kuna haya ya tutaonana jioni. Hii hakuijua ni ipi. Bado anaigeuza kichwani akasikia huko nje, karibu na banda la kuku: "Mama Saulo! Maji ya kunywa yako wapi?"

Jikoni mwiko ulinyamaza. Pengine ulimi wake baba uliteleza tu, ni jina la miaka ishirini. Na yeye mwenyewe huko nje hakurudia, kama mtu aliyeangusha kitu na hataki kuinama kukiokota.

"Yako kwenye ndoo ya bluu, Baba Saulo," mama akasema mwishowe.

Yusta alichukua simu. Tangu kaka yake aondoke hakuwahi kumwandikia. Aliandika, akafuta. Akaandika tena ndefu, akafuta yote. Mwisho akatuma hii:

"Kaka shikamoo. Ni Yusta. Fundi nimemwambia mlango wako upo, maua yanachongwa leo. Jumapili ya wiki ijayo uje, usiniaibishe."

Ikaonekana alama moja, halafu mbili, halafu zikawa za bluu: ameusoma. Juu pakaandikwa kwamba Saulo anaandika. Yusta alikaa chini ukutani, mgongo kwenye ule mlango, akangoja. Yale maandishi ya juu yakapotea. Akangoja tena. Viazi vilikuwa vinanukia udongo kupitia chini ya mlango, na simu ilikuwa kimya.